Mita ya mafuta ni sawa na hati ya fedha: Ikaguliwe kabla ya kulipa

MFANYABIASHARA wa mafuta anapopokea ankara huikagua kwa makini. Huangalia bei ya lita moja, huangalia tozo za serikali, huangalia gharama ya usafiri, kisha hujumlisha upya kwa kikokotozi chake. Lakini tarakimu moja katika karatasi hiyo hupita bila kuulizwa, nayo ni idadi ya lita. Kwa nini? Kwa sababu imetolewa na mita, na mita inachukuliwa kuwa haina upande.

Somo la wiki hii linahusu tarakimu hiyo. Tutaeleza mita za kupima mafuta na gesi hukosea wapi, mkaguzi hutazama nini, na mnunuzi au mwenye hisa anapaswa kudai karatasi zipi. Hoja yetu ni moja: mita isiyokaguliwa na mtu asiye na maslahi katika mauzo ni kauli ya upande mmoja tu, hata kama tarakimu zake zinawaka kwa taa.

ASILIMIA NUSU NI SHILINGI NGAPI?

Tuchukue mfano wa hesabu. Mwenye kituo ananunua dizeli lori moja la lita 35,000. Tuseme bei ni sh. 3,000/= kwa lita na faida yake, baada ya gharama zote, ni sh. 100/= kwa lita. Faida anayoitarajia kwa lori zima ni sh. 3,500,000/=.

Sasa tuseme mita iliyopakia lori hilo inasoma zaidi kwa asilimia 0.5 tu. Maana yake lita 175 zimelipiwa lakini hazimo ndani ya lori. Kwa bei ya sh. 3,000/= hizo ni sh. 525,000/=. Kosa la nusu asilimia katika kipimo limekula asilimia 15 ya faida. Anayeuza malori manne kwa mwezi hupoteza sh. 2,100,000/= kila mwezi, wala hakuna mlinzi aliyelala wala dereva aliyefungua koki njiani.

Kwenye meli hesabu ni kubwa zaidi. Meli yenye tani 40,000 za dizeli hubeba karibu lita milioni 48. Nusu asilimia ya shehena hiyo ni takriban lita 240,000, yaani karibu malori saba yaliyojaa. Serikali nayo imo katika hesabu hii, kwa kuwa ushuru na tozo za mafuta hutozwa kwa kila lita. Lita isiyohesabiwa haitozwi.

FUNZO KUTOKA BANDARI YA DAR ES SALAAM

Jambo hili si la vitabuni. Mafuta yanayoingia Tanzania kwa Dar es Salaam hupokelewa katika gati la mafuta la Kurasini na katika boya la kupakulia meli kubwa lililoko baharini upande wa Mjimwema, Kigamboni. Kutoka hapo husukumwa kwa mabomba hadi kwenye matangi ya makampuni.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika bandarini na kuhoji kwa nini mita za kupima mafuta yanayoshushwa zilikuwa hazitumiki kwa miaka kadhaa. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba zilisimamishwa kwa sababu usahihi wake ulitiliwa shaka. Katika muda huo kazi ilifanywa kwa kupima kina cha mafuta katika matangi.

Kupima kina kwa tepu si njia mbaya. Ni njia ya zamani, inayotambulika duniani kote, na ikifanywa vizuri hutoa majibu mazuri. Lakini hebu tazama hesabu yake. Tangi lenye kipenyo cha mita 36 hubeba zaidi ya lita 1,000 katika kila milimita moja ya kina. Mpimaji akikosea milimita tatu tu, amekosea zaidi ya lita 3,000. Aidha, mafuta yakigawanywa katika matangi mengi ya makampuni mengi, kila tangi lina makosa yake, na kila mpimaji ana macho yake.

Mwaka 2024 Mamlaka ya Bandari ilianza mradi wa kujenga matangi 15 Kigamboni yenye uwezo wa mita za ujazo 378,000, ili mafuta yapokelewe sehemu moja kabla ya kugawanywa. Kwa mfanyabiashara funzo ni hili: mita mbovu ina hasara, na kukaa bila mita kuna hasara pia. Dawa ni mita iliyokaguliwa, ikawa na karatasi, na ikakaguliwa tena kwa tarehe inayojulikana.

USAHIHI NI KITU KIMOJA, UTHABITI NI KINGINE

Watu huchanganya mambo mawili. Usahihi ni mita kusoma kiasi kile kile kilichopita. Uthabiti ni mita kutoa jibu lile lile kila unapoipima kwa kiasi kile kile.

Mita inaweza kuwa thabiti lakini isiwe sahihi. Kwa mfano, kila zinapopita lita 5,000, inasoma 4,990. Mita ya namna hii haina tatizo kubwa. Mkaguzi hugawa 5,000 kwa 4,990 na kupata kizidisho cha 1.0020. Kuanzia siku hiyo kila usomaji huzidishwa kwa namba hiyo, na mambo yamekwisha.

Mita ya kuogopa ni ile ambayo leo inasoma 4,990, kesho 5,015, keshokutwa 4,970. Hii hakuna kizidisho kitakachoitibu. Chanzo chake huwa ni kulika kwa vipuri, hewa ndani ya bomba, uchafu au ufungaji mbovu. Inapaswa kufunguliwa na kutengenezwa.

Ndiyo maana mkaguzi mzuri hapimi mara moja na kuondoka. Kwa mita kubwa za mabomba hutumika bomba la uhakiki. Ndani yake kuna mpira unaosukumwa na mafuta kati ya alama mbili, na ujazo kati ya alama hizo unajulikana kwa usahihi mkubwa. Utaratibu uliozoeleka katika sekta ya mafuta ni kupata majibu matano mfululizo ambayo tofauti kati ya kubwa na dogo haizidi asilimia 0.05. Yakipishana zaidi ya hapo, kizidisho hakitolewi mpaka chanzo kijulikane.

Mipaka ya makosa nayo imewekwa. Shirika la Kimataifa la Vipimo vya Kisheria (OIML), lililoanzishwa mwaka 1955 na lenye makao yake Paris, katika mwongozo wake namba R 117 linataka mfumo wa mita za mabomba usikosee zaidi ya asilimia 0.3, na pampu za vituo vya mafuta zisizidi asilimia 0.5. Kwa ndoo ya kupimia ya lita 20, asilimia 0.5 ni mililita 100, chini ya nusu ya glasi ya maji.

JOTO NALO LINA LITA ZAKE

Mafuta yakipata joto hutanuka, yakipoa hujikunja. Dizeli hutanuka kwa takriban sehemu 0.8 katika elfu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Petroli hutanuka zaidi ya hapo, karibu sehemu 1.2 katika elfu. Kwa sababu hiyo biashara ya jumla huhesabu lita kwa joto maalumu. Kwetu Afrika Mashariki joto hilo ni nyuzi 20. Zipo nchi zinazotumia 15.

Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Tuseme ankara inasema lita 35,000 za dizeli kwa nyuzi 20. Siku ya kupokea, joto la mafuta ndani ya lori ni nyuzi 32. Lita hizo zinapaswa kuonekana kama 35,350 hivi. Mwenye kituo akipima kwa kijiti na kukuta 35,000 kamili hufurahi na kusaini. Kumbe ana pungufu ya lita zinazokaribia 350, sawa na asilimia 1.

Upo na upande wa pili. Kama alinunua lita 35,000 zilizopimwa zikiwa na nyuzi 32, na tangi lake la chini ya ardhi likayapoza hadi nyuzi 27, atakosa lita kama 145. Hakuna aliyeiba. Mwenye kituo asiyejua hesabu hii humfukuza kijana wa pampu bure, na mwezi unaofuata upungufu unarudi pale pale.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa jumla ni hili: "Lita zako ni za joto gani?" Jibu liandikwe kwenye ankara, pamoja na joto la mafuta wakati wa kupakia.

MKAGUZI ANATAZAMA NINI

Ukaguzi wa mfumo wa mita si kuitazama mita peke yake. Mita ni kiungo kimoja katika mnyororo, na mnyororo hukatikia penye pete dhaifu. Mkaguzi makini hupitia mambo yafuatayo.

1. Karatasi. Cheti cha uhakiki kina tarehe gani? Kilitolewa kwa mita hii hii, yenye namba hii hii ya kiwandani? Kipimo kilichotumika kuihakiki kilihakikiwa na nani, na hicho nacho kililinganishwa na nini? Mnyororo huo lazima ufike hadi kwenye kipimo cha taifa. Ukikatika mahali popote, cheti kimebaki karatasi tu.

2. Ufungaji. Mita za tabaini, yaani zile zenye panga zinazozungushwa na mafuta, zinahitaji bomba lililonyooka mbele yake ili mafuta yasifike yakiwa yanazunguka. Kona au valvu iliyo karibu mno huvuruga usomaji. Kabla ya mita lazima pawe na chujio na chombo cha kutoa hewa. Hewa ikipita, mita huihesabu kama mafuta, na mnunuzi hulipia upepo.

3. Vyombo vya pembeni. Kipimajoto, kipimashinikizo na kipimo cha densiti vyote huingia katika hesabu ya mwisho. Kipimajoto cha dizeli kikikosea nyuzi 3, lita zimekosewa kwa karibu asilimia 0.25, hata kama mita yenyewe ni mpya kabisa.

4. Kompyuta ya mita. Mkaguzi huchukua shehena moja iliyopita, hukokotoa upya kwa mkono kuanzia usomaji ghafi hadi lita za ankara, kisha hulinganisha. Huangalia pia kama kizidisho kilichomo ndani ya kompyuta ni kile kilichomo kwenye cheti. Namba moja iliyobadilishwa hapo inaweza kuhamisha fedha kwa miezi bila mtu kugusa koki.

5. Lakiri na njia za mchepuo. Lakiri za mamlaka ya vipimo ziko mahali pake, na namba zake zinafanana na zilizoandikwa kwenye kumbukumbu? Je, kuna bomba linaloizunguka mita? Kama lipo, valvu yake inafunga kabisa? Valvu inayovuja kidogo kidogo hupitisha mafuta yasiyohesabiwa mchana na usiku.

6. Kumbukumbu. Vizidisho vya mita kwa miezi iliyopita vichorwe kwenye grafu. Mita nzuri hutoa mstari unaoyumba kidogo juu na chini. Mstari unaopanda au kushuka polepole bila kurudi unaonyesha kipuri kinacholika. Mstari unaoruka ghafla unaonyesha kuna mtu au kitu kimeingilia.

Kwa gesi yapo mengine. Mita nyingi za gesi hutumia bamba lenye tundu lililofungwa ndani ya bomba, na kiasi hujulikana kwa tofauti ya shinikizo mbele na nyuma ya bamba. Ukingo wa tundu hilo unapaswa kuwa mkali. Ukilika na kuwa butu, mita husoma pungufu, na anayeumia ni muuzaji. Bamba likifungwa nyuma mbele baada ya matengenezo, usomaji unaweza kupungua kwa zaidi ya asilimia 10. Kosa la fundi mmoja asubuhi moja linaweza kugharimu kampuni mapato ya miezi, kama hakuna anayekagua.

MAKOSA YA BAHATI NA MAKOSA YA UPANDE MMOJA

Hakuna kipimo kisicho na kosa. Mkaguzi haulizi kama kosa lipo, anauliza ni la aina gani. Kosa la bahati leo huzidi, kesho hupungua, na kwa shehena nyingi hujifuta lenyewe. Kosa la upande mmoja halijifuti. Kadiri unavyouza zaidi ndivyo linavyokua.

Njia rahisi ya kuyatofautisha ni kufunga hesabu kila siku au kila wiki. Mfano: kituo kimeanza mwezi na lita 42,000, kimepokea 210,000, na pampu zimeuza 214,300. Tangini zinapaswa kubaki 37,700. Kijiti kinaonyesha 36,900. Upungufu ni lita 800, karibu asilimia 0.37 ya mauzo.

Upungufu wa mwezi mmoja hausemi mengi. Miezi sita mfululizo yote ikiwa pungufu, hiyo si bahati. Sasa tafuta unajitokeza lini. Ukionekana siku ya kupokea mzigo, tazama lori na depo. Ukikua pamoja na mauzo, pampu zinatoa zaidi ya zinavyoandika. Ukionekana hata usiku, pampu zimefungwa na hakuna kilichouzwa, tangi linavuja, na hilo ni la kushughulikiwa siku hiyo hiyo kwa kuwa linachafua ardhi na linaweza kuwasha moto.

KWA MWENYE HISA NA HATIFUNGANI

Msomaji asiyeuza mafuta asidhani somo hili halimhusu. Kampuni yoyote inayouza au kununua kitu kinachopita ndani ya bomba, iwe mafuta, gesi, maji, bia au mvuke, mapato na gharama zake zinatoka kwenye mita.

Mfano ulio karibu ni hatifungani ya kijani ya Mamlaka ya Maji Tanga, iliyouzwa mwaka 2024 kwa thamani ya sh. bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Hatifungani ya aina hii hulipwa kutokana na mapato ya mauzo ya maji. Mapato hayo yanaanzia kwenye mita za wateja. Mita za maji za kizamani zenye vipuri vinavyozunguka huchoka, na zikichoka husoma pungufu, hasa maji yanapopita kidogo kidogo. Mamlaka ya maji yoyote isiyokagua mita zake hutoa maji bure huku ikidhani ni bomba linalovuja.

Kwa hiyo unaposoma taarifa ya mwaka ya kampuni au mamlaka ya namna hiyo, usiishie kwenye faida. Tafuta mstari wa upotevu wa bidhaa au maji yasiyolipiwa. Ulinganishe kwa miaka mitatu. Ukiona unapanda huku maelezo ni yale yale, uliza kwenye mkutano mkuu: mita kubwa zilikaguliwa lini, na nani, na ukaguzi ulikuta nini? Ni swali la haki, na bodi inayojua kazi yake ina jibu.

YA KUWEKWA KWENYE MKATABA

Kwa mnunuzi wa jumla, mambo haya matano yaandikwe kabla ya kuanza biashara:

(a) Mita itahakikiwa kila baada ya muda gani, na mnunuzi ana haki ya kuwa na mtu wake siku hiyo.

(b) Lita zitahesabiwa kwa joto gani.

(c) Upande wowote una haki ya kudai ukaguzi wa ghafla. Kwa kawaida mita ikikutwa ndani ya mipaka, aliyedai hulipa gharama. Ikikutwa nje ya mipaka, mwenye mita hulipa.

(d) Kosa likigundulika, ankara zitarekebishwa kurudi nyuma kiasi gani. Mikataba mingi ya gesi husema kwamba kama siku kosa lilipoanza haijulikani, marekebisho yatahusu nusu ya muda tangu ukaguzi wa mwisho. Hapo utaona faida ya kukagua mara kwa mara: muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine ukiwa mfupi, na deni la kurudishiana linakuwa dogo.

(e) Nani ataamua pande mbili zikipingana. Kwa Tanzania, Wakala wa Vipimo ndiyo mamlaka ya serikali katika suala la mizani na vipimo vya biashara.

Mwenye kituo kimoja asiye na fedha ya kuajiri mkaguzi anaweza kuanza na vitu vitatu: ndoo ya kupimia ya lita 20 iliyohakikiwa, kipimajoto kizuri, na daftari. Kila Jumatatu asubuhi apime kila pampu mara tatu kwa ndoo, aandike majibu, arudishe mafuta tangini na kuziondoa lita hizo katika hesabu ya mauzo. Kila lori likifika aandike joto na kina kabla ya kusaini. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakuwa na ushahidi ambao muuzaji wa jumla hawezi kuupuuza. Anayekwenda kwenye depo na malalamiko ya mdomo huambiwa mafuta yamekwenda na mvuke. Anayekwenda na tarehe, joto na lita hukaribishwa kwenye kiti.